Namna ya Kuandika Riwaya za Vijana Uganda na Kudumu katika Kazi Hiyo

Anza kwa kumjua msomaji wako. Nchini Uganda huyu mara nyingi ni kijana wa miaka 15 alalaye bwenini, ambaye darasani husema Kiingereza, nyumbani Kiluganda au Kiacholi, na Kiswahili amekipata shuleni au sokoni. Sentensi zako zimfae yeye, wala si mhakiki.

Kosa lililouharibu muswada wangu wa kwanza ni kwamba kila mgogoro ulimalizwa na mtu mzima. Kwa Baganda, ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba, ndiye anayemfunda msichana, na kwa sababu hiyo mwandishi hushawishika kumpa ssenga huyo maneno yote ya maana. Mwache anene, hata arefushe, lakini uamuzi uwe wa msichana mwenyewe, na hasara ya uamuzi huo aibebe yeye. Kijana akihisi kwamba anahubiriwa, hukifunga kitabu.

Rasimu ikikamilika, omba ruhusa kwa mkuu wa shule iliyo karibu nawe uwasomee wanafunzi wa kidato cha pili sura moja kwa sauti. Usiwaulize kama wameipenda, kwa kuwa watakujibu kwa heshima tu. Waombe wabashiri kitakachofuata, na pale watakapokosa la kusema, rudi ukaandike upya.

Kwa mwanamke anayeanza, chama cha waandishi wanawake cha FEMRITE kilichopo Kampala ni mahali pema pa kupata wenzake wa kumsoma na kumkosoa. Ukifikia mkataba, usitie saini kabla ya kuelewa kama mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya kitabu anayolipwa mwandishi, utahesabiwa kwa bei ya jalada au kwa fedha zinazomfikia mchapishaji, na kama haki za tafsiri na filamu zimo ndani yake. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo unachokitoa si kidogo.

Usiache ajira yako mapema. Muswada wa kwanza ukiwa kwa mchapishaji, anza wa pili, kwa maana yule uliyemsomea akiwa kidato cha pili huenda akamaliza shule kabla kitabu hakijatoka.