Kabla wageni hawajaingia ukumbini: kagua mipangilio ya kamera video isiwe na ukungu

Nilikuwa mgeni kwenye kazi hii niliporekodi sendofu moja Dar es Salaam kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku. Kesho yake nikafungua faili kwenye kompyuta. Waliokaa wako safi, hata vitambaa vya meza vinaonekana nyuzi zake, lakini kila aliyecheza amevutika kama rangi mbichi iliyopitishwa kidole. Kamera ilikuwa nzima. Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu (kila picha moja ya video), niliiacha kwenye oto, na kwa vile ukumbi ulikuwa na giza ikajishusha yenyewe hadi 1/25 ya sekunde. Familia ile haiwezi kuicheza sendofu mara ya pili, na ukungu wa namna ile hausafishiki kwenye kuhariri. Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi ufanyike mapema, saa moja nzima kabla ya MC kushika maiki.

Kwanza jifunze kuusoma ukungu wenyewe. Rekodi kipande kifupi, kisimamishe, ukitazame. Nguzo na viti vikiwa safi huku mtu anayetembea amevutika, hiyo ni shata. Ua la mezani likiwa safi na uso wa bibi harusi nyuma yake umefifia, hiyo ni fokasi, yaani umbali ambao lenzi imelenga. Kila kitu kikiwa na utando na taa zimezungukwa na mwanga, angalia kioo cha lenzi. Ngozi za watu zikionekana kama zimepakwa uji, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) imepanda sana na kamera inajaribu kufuta chenga, au umewasha zumu ya kidijitali. Izime hiyo zumu. Haivuti chochote, inakata katikati ya picha na kuitanua.

Kwenye shata, iondoe kwenye oto. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde weka 1/50, ukirekodi fremu 50 weka 1/100. Kwetu namba hizi zina faida ya ziada: umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini hazitaleta ile mistari inayotambaa kwenye picha. Kamera nyingi za mtumba huja zimepangwa kwenye NTSC, mfumo wa video wa nchi za hezi 60, zinakupa fremu 30 na 60 badala ya 25 na 50. Ingia kwenye menyu uhamishe kwenda PAL, mfumo wa nchi za hezi 50, na kamera zote mnazotumia siku hiyo ziwe sawa. Mchana ufukweni 1/50 itaunguza picha kwa mwanga. Funga mbele ya lenzi kichujio cha ND, kile kioo cheusi kinachopunguza mwanga.

Fokasi ndiyo inayoumiza watu wengi, na mara nyingi kosa ni dogo mno. Ile swichi ya AF (kamera inalenga yenyewe) na MF (unalenga kwa mkono) ubavuni mwa lenzi husukumwa na mkono au na begi bila wewe kujua. Iguse kwa kidole kila unapotoa lenzi. Kisha hakikisha kamera iko kwenye fokasi ya kufuatilia, yaani AF-C kwa Sony au Movie Servo AF kwa Canon, na utambuzi wa uso umewashwa. Ila usiuamini bibi harusi akiwa bado amefunikwa shela: kamera hung'ang'ania nakshi za kitambaa na kuuacha uso. Hapo mimi huhamia MF, nakuza picha kwenye skrini, nalenga jicho.

Halafu apacha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 50mm kwenye f/1.8, kamera ya fulu fremu (yenye sensa kubwa), mtu akiwa mita 2, eneo lililo safi lina kina cha kama sentimita 17 tu. Bwana harusi akiinama kumlisha mwenzake keki, ameshatoka. Ukipanda hadi f/4 unapata karibu sentimita 38, na hao wawili wanatosha. Najua f/1.8 inapendeza na inaokoa mwanga, lakini kwa tukio lisilorudiwa nachagua kupandisha ISO kiasi na kuongeza taa. Chenga kidogo familia itazivumilia. Uso uliofifia hapana.

Lenzi nyingi za zumu za kupigia picha za mnato hupoteza fokasi ukibadilisha urefu katikati ya kurekodi. Ukizumu wakati wa viapo, lenga upya. Na kama unachungulia kwa jicho kwenye kidirisha cha kamera, zungusha kile kigurudumu kidogo cha pembeni yake mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri, maana kikikaa vibaya utaiona picha safi kuwa mbovu.

Pwani kuna unyevu. Ukitoka kwenye gari lenye AC, acha kamera ndani ya begi lililofungwa ipate joto taratibu kama nusu saa, la sivyo kioo kitatoa jasho. Futa alama za vidole kwa kitambaa laini cha lenzi, usitumie shati.

Mwisho mwombe mtu wa taa awashe taa zilezile za wakati wa maharusi kuingia, na mpambe mmoja atembee kwenye zulia mwendo wa maharusi. Rekodi sekunde 20, hamishia kwenye laptopu, itazame kwa ukubwa wote. Skrini ndogo ya kamera huficha ukungu.