Kuondoa Kreosoti katika Bomba la Jiko la Kuni

Mwenye jiko la kuni lenye bomba la moshi, awe ni wa mkahawa wa Majengo au mwokaji mikate wa Mji wa Kale, huyajua masizi. Lakini ule utando mweusi unaong'aa kama lami ndani ya bomba si masizi ya kawaida. Hiyo ni kreosoti, yaani moshi uliopoa kabla ya kutoka nje: mvuke wa kuni zisizoungua sawasawa hukutana na bati lenye joto la chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, ukaganda papo hapo. Utando huo hushika moto, na moto wa bombani unaweza kupita nyuzi 1,000. Aliyeezeka jiko lake kwa makuti hahitaji kuelezwa zaidi.

Liache jiko lipoe usiku mzima, kwani makaa yaliyofunikwa na jivu hukaa hai kwa saa nyingi. Ligonge bomba kwa kifundo cha kidole: lililo safi hulia kama debe tupu, lililojaa hutoa mlio mzito uliofifia. Kisha fungua kona ya bomba, mulika kwa tochi na ukwaruze kwa bisibisi. Utando ukifika milimita 3, usiwashe tena kabla ya kusafisha. Hukusanyika zaidi kwenye kona, na katika kipande kilichotokeza juu ya paa, ambako upepo wa bahari hulipoza bati.

Vaa barakoa, glavu na nguo ya mikono mirefu. Tangu mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alikwisha kuandika kuhusu saratani iliyowapata wafagiaji wa dohani kwa sababu ya masizi.

Usithubutu kupanda paa la makuti. Vifungue vipande vya bomba, uvilaze juu ya turubai uani, na uvisugue kwa brashi yenye upana sawa na bomba. Brashi ya waya wa chuma inafaa dohani ya matofali, ila kwa bomba la chuma kisichoshika kutu tumia ya plastiki ngumu, maana waya huacha mikwaruzo, na hewa yetu ya chumvi haikawii kuingiza kutu humo. Kreosoti ya ungaunga na ya magamba hutoka kwa kusugua. Ile iliyoganda kama kioo ni shughuli nyingine: brashi huteleza tu juu yake, na nyundo hulibonyeza bati. Kwa maoni yangu, ni nafuu kumwagiza fundi kipande kipya. Kuimwagia mafuta ya taa ili iungue ni kujitafutia moto, na chumvi inayotupwa motoni haiiondoi, bali huongeza kutu.

Wakati wa kurudisha vipande, mafundi wengi hukosea kwa kuviunganisha kama mfereji wa mvua uliogeuzwa, mdomo mpana ukiwa chini. Ncha iliyofinywa ya kila kipande ielekee chini, iingie ndani ya kilicho chini yake, ili majimaji ya kreosoti yateremke hadi jikoni badala ya kuvuja ukutani. Jivu na magamba yatie ndani ya debe lenye kifuniko, uliweke nje.

Kazi hii yote itarudi baada ya wiki chache iwapo kuni ni mbichi. Kuni zinazofaa zina unyevu usiozidi asilimia 20: huwa na nyufa kwenye ncha, na mbili zikigonganishwa hulia kwa ukali. Zipasue na uzipange juu ya mbao miezi sita kabla ya kuzitumia, na msimu wa masika uzifunike juu tu, pembeni zipate upepo. Wala usilibane tundu la hewa usiku kucha ili maharagwe yaive polepole. Moto unaofukiza ndio unaozaa lami hiyo. Andika tarehe ya usafi kwa chaki ukutani, na baada ya mwezi mmoja ligonge bomba tena.