Tuta la kuinuka Dodoma: anza na mawe

Mteja akiniita kumjengea tuta la mboga, mara nyingi ananionyesha picha kwenye simu: mbao safi za njano, zimepigwa misumari vizuri, mchicha umejaa. "Fundi, nataka kama hili." Nami namuuliza kwanza: hapa uani kwako mchwa wakoje?

Mbao za paini tunazouziwa hapa, nyingi zinatoka Mafinga, ni laini. Ukiilaza mbao hiyo kwenye udongo unaomwagiliwa kila siku, huku pembeni kote kumekauka, umewaandalia mchwa karamu. Kuna mafundi watakwambia paka oili chafu. Kwenye nguzo za uzio, shauri yako. Kwenye mboga, hapana, oili hiyo imebeba uchafu na metali za injini, na itashuka kwenye udongo. Mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani, nyingi zimetiwa shaba, kromiamu na arseniki, ambayo ni sumu. Marekani viwanda viliacha kuuza mbao za dawa hiyo kwa matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Nguzo za umeme za zamani zilizopakwa dawa nyeusi nazo usizilete bustanini.

Kwangu mimi jiwe ndilo la kwanza. Mji huu umekaa juu ya miamba, na mawe ya msingi yanauzwa kwa tripu karibu kila upande. Kama jirani anajenga, muulize yaliyobaki. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 sijaona mtaa usio na msingi unaochimbwa. Chagua yaliyopasuliwa, yenye uso bapa, maana ya mviringo hayakai. Chimba mtaro wa inchi nne kuzunguka tuta, panga makubwa chini yakiegemea ndani kidogo, ziba mianya kwa vipande vidogo. Saruji haihitajiki, na ukitaka kulihamisha tuta mwakani unalihamisha.

Ninapobishana na wateja ni kwenye kimo. Wengi wanataka lifike kiunoni. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na kiangazi chake kina upepo mkavu. Tuta likiwa refu, maji yanakimbilia chini na jua linachoma ubavuni. Sentimita 20 hadi 25 zinatosha, mradi ulegeze udongo wa chini kwa sululu kama futi moja ili mizizi ishuke. Anayeumwa mgongo au magoti namjengea refu bila ubishi, ila namwambia mapema kwamba ndoo za maji zitaongezeka. Upana usizidi mita moja na robo, mkono ufike katikati bila kukanyaga.

Tofali za bloku nazipa nafasi ya pili. Tuta la mita moja kwa tatu lina mzunguko wa mita nane, kwa hiyo bloku 18 za inchi 18 zinamaliza kozi moja, yaani mstari mmoja kuzunguka tuta, na kimo chake cha inchi 9 ndicho hasa tunachokitaka. Zikiwa mpya, zimwagilie siku kadhaa kabla ya kupanda, kwa sababu chokaa ya saruji inachuja kwenye udongo. Matofali ya kuchoma ni mazuri yakiwa yameiva: gonga mawili, yakilia kama chuma chukua, yakitoa sauti ya bubu yaache, mvua za Januari zitayarudisha kuwa tope.

Bati linapata moto sana upande wa magharibi, na kingo zake zinakata watoto. Matairi siyapendi, basi.

Ndani usitandike maboksi wala magogo kama wengi wanavyofundisha; kwa mchwa hicho ni chakula. Tuta hilo la mita moja kwa tatu linakula kama toroli 12 za lita 60. Weka toroli nane za udongo na nne za samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza vizuri, isiyo na joto ukiingiza mkono. Mwagilia lote likolee, liache wiki moja lishuke, ongeza pale palipobonyea, ndipo upande.