Kubadilisha Ekzosi Bila Kutoa Masega

Ukitaka injini itoe moshi kwa wepesi zaidi, badilisha sehemu ya ekzosi iliyo nyuma ya kataliti (kifaa cha kusafisha moshi) pekee, yaani bomba la kati na sailensa. Kataliti yenyewe, ambayo mafundi huiita masega, iache mahali pake, kwa kuwa platinamu, paladiamu na rodiamu zilizopakwa ndani ya vitundu vyake ndizo zinazogeuza monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu na inayoua, kuwa dioksidi ya kaboni. Tena kuiondoa ni kosa la kisheria katika nchi nyingi.

Subiri ekzosi ipoe kabisa, inua gari kwa jeki na ulikalishe juu ya stendi imara. Nati zilizoshika kutu zipulizie mafuta ya kulegezea, ziache zilowe, kisha uzifungue polepole, maana bolti ikikatikia ndani ya flanji, yaani ukingo bapa unaounganisha mabomba, itakupotezea siku nzima. Weka gasketi mpya, yaani kizibo chembamba cha kati ya viungio. Hakikisha bomba haligusi bodi popote, na nyaya za sensa ya oksijeni (kihisi kinachopima oksijeni kwenye moshi) hazining'inii karibu na joto. Mwishowe washa injini mahali pa wazi na usikilize kila kiungio: mlio wa "tss, tss" unaofuata mapigo ya injini ni dalili kwamba moshi unavuja.