Namna ya kumuuliza kijana wa gereji maswali mpaka awe fundi

Kama una vijana wanaojifunza kazi chini yako, acha kwanza kuuliza "Umeelewa?" Hakuna atakayekujibu "Hapana, fundi." Ataitikia, halafu utamkuta anafungua boliti isiyohusika.

Uliza swali ambalo hawezi kulijibu bila kulirudia gari. Chukua gari inayochemsha, kazi isiyoisha hapa kwetu Ilala. Kijana ataruka moja kwa moja kwenye rejeta, ile inayopoza maji ya injini: "Fundi, hii tubadilishe rejeta." Usimpinge. Muulize: inachemsha kwenye foleni tu, au hata ikikimbia? Hajui, anayejua ni mteja, basi mtume akamuulize mwenyewe. Akirudi na jibu kwamba ni kwenye foleni tu, endelea: gari ikikimbia, upepo wa kupoza rejeta unatoka wapi? Ikisimama je? Mara nyingi hapo macho yake yanahamia kwenye feni kabla hujamaliza kusema. Haya, feni haizunguki: utajuaje kama ni mota, fyuzi au sensa? Hilo "utajuaje" ndilo swali langu. Linamfanya ashike taa ya kupimia umeme badala ya kubahatisha kwa pesa ya mwenye gari.

Ukishauliza, nyamaza. Sisi wakongwe hapa ndipo tunaposhindwa, mikono inatuwasha. Mwache akune kichwa, hata kama mteja anaangalia saa.

Ila penye hatari hakuna maswali. Akigusa mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, mdake mkono, mtaongea baadaye.

"Kwa nini umefanya hivi?" mbele ya mteja ni kumshtaki, na atajitetea tu. Mvute pembeni umwambie, "Nioneshe ulianzia wapi." Hatua aliyoiruka ataiona mwenyewe, na aghalabu ni ndogo ya kuchekesha: hakuangalia kama maji yamo.

Jioni tukikusanya spana huwa nauliza: kazi gani ya leo ungeogopa kuifanya peke yako? Akitaja gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku, gari nyingine ya hivyo ikiingia anafunga yeye, mimi nashika tochi. Na kabla hajakaza, namuuliza ataanzia boliti ipi. Akisema za katikati, kisha aende nje kwa awamu, nampa spana ya kupimia nguvu. Akisema za pembeni, tunakaa chini kwanza, anichoree hedi ikibanwa ncha zote mbili kabla ya katikati, aone mwenyewe kwa nini inaweza kupinda.