Kuingia kwenye kazi ya chama kijijini kabla ya uchaguzi: anza na daftari

Januari 2025 binti wa kaka yangu alinikuta sokoni Busia, Uganda, nikifunga robota la mitumba. Alikuwa na miaka 22, kitambulisho cha taifa mfukoni, na hasira ya daraja la kwao linalobebwa na maji kila msimu wa mvua. "Shangazi," akasema, "nataka kuingia kwenye chama kabla ya kura. Naanzia wapi?"

Nilikaa naye jioni tatu. Nimekuwa katibu wa tawi kijijini kwetu kwa miaka, na wakala wa chama kwenye kituo cha kura mara tatu. Niliyomwonyesha nayaandika hapa kwa sababu tangu hapo wengine wameniuliza swali lile lile. Chama changu sikitaji. Alama ya chama chako iwe basi, mwavuli, ufunguo, jembe au mkono, kazi ya kijijini ni ile ile.

Hatua ya 1: Jua kama sheria inakuruhusu

Mwanajeshi, polisi, askari magereza, mtumishi wa serikali na kiongozi wa kimila hawaruhusiwi kushika cheo cha chama wala kukipigia kampeni. Mwalimu wa shule ya serikali asidanganywe na mgombea kwamba "hakuna atakayeona". Watu wataona, na barua ya kumshtaki itaandikwa na jirani yake.

Kwetu mpakani kuna jambo jingine. Wasamia tuko pande zote mbili, na ukoo mmoja una nyumba Uganda na Kenya. Chagua upande mmoja wa kupigia kura, ubaki huko.

Hatua ya 2: Chukua kadi

Nenda kwa mwenyekiti wa tawi au ofisi ya chama wilayani, ujiandikishe, upewe kadi. Omba na katiba ya chama uisome.

Hatua ya 3: Mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji)

Mwone hata kama ni wa chama kingine, na umwone kabla hujabisha hodi mlango wowote. Mwambie jina lako, chama chako, na kwamba utakuwa unapita nyumba kwa nyumba. Huendi kuomba ruhusa, unaenda kwa heshima. Siku kijana wa upande wa pili atakapopiga simu kusema kuna mtu anaandika majina ya watu usiku, mwenyekiti atajibu kwamba anakujua na anajua unachofanya. Jibu hilo limewahi kuniokoa.

Hatua ya 4: Tengeneza daftari la kijiji, kisha ulilinganishe na rejista ya Tume ya Uchaguzi

Hapa ndipo wengi huanguka, na mimi nilianguka kabla yao.

Kwanza, muda. Watu wengi huamka kwenye siasa mabango yakianza kubandikwa. Tazama tarehe za uchaguzi uliopita: Tume ya Uchaguzi ilianza kuhuisha rejista 20 Januari 2025, na kura zilipigwa 15 Januari 2026. Kampeni za urais zilianza mwisho wa Septemba. Aliyengoja kampeni alikuta dirisha la kujiandikisha na la kuhamisha kituo limefungwa zamani. Anaweza kuhutubia mpaka sauti imkauke, lakini msikilizaji asiye kwenye rejista hana kura.

Pili, idadi isikutishe. Mwaka 2021 rejista ilikuwa na wapiga kura 18,103,603 na vituo 34,684. Gawanya, utapata kama watu 522 kwa kituo. Watu hao wanaingia kwenye daftari moja la shule, lile la kurasa 96.

Nunua daftari la karatasi. Najua vijana wana simu, na binti yetu alikuwa tayari amefungua kundi la WhatsApp lenye picha ya bendera. Nilimwambia aliache liwe la salamu na matangazo ya vikao. Mwaka 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima siku moja kabla ya kura. Orodha yangu ya nyumba na mawakala wetu ilikuwa kwenye kundi, na nyingine kwenye faili ambalo halikufunguka bila mtandao. Simu za kawaida zilifanya kazi, lakini namba za watu sikuwa nimeziandika popote. Usiku ule nilitembea kijiji kizima na tochi nikikusanya majina upya, nikalala saa tisa usiku, na saa kumi na moja alfajiri nilikuwa njiani kwenda kituoni. Tangu hapo mimi na karatasi hatuachani.

Sasa uandikeje? Ukurasa mmoja kwa nyumba mbili au tatu, ukifuata njia jinsi unavyotembea, kuanzia kisimani hadi barabarani. Usifuate alfabeti wala chama. Kila mtu wa miaka 18 na zaidi aandikwe, pamoja na wasiokupenda, kwa sababu kijiji ukikijua nusu utakosea hesabu zote. Acha nafasi kwa wale watakaofikisha miaka 18 kabla ya siku ya kura.

Kosa langu la kwanza lilikuwa majina. Mwaka wa kwanza niliandika tunavyoitana: Mama Sofi, Mzee wa Kinu, Fundi Redio. Rejista ilipobandikwa kituoni ili watu wahakiki, nilisimama mbele ya karatasi zile asubuhi hadi alasiri nikimtafuta Mama Sofi. Hayupo Mama Sofi kwenye rejista ya nchi hii. Yuko Nabwire fulani, na kijijini kwetu akina Nabwire ni kumi na mmoja. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, la ukoo likitangulia, kisha lile tunalomwitia pembeni.

Jina la ukoo ndilo linalopanga watu. Kituo chenye watu wengi hugawanywa kwa herufi, tuseme A hadi M upande huu na N hadi Z upande ule. Kwetu Usamia wanawake wengi ni Nabwire, Nafula, Nekesa, na wanaume wengi ni Wandera, Wabwire, Ouma, Ojambo. Sasa hesabu mwenyewe: wote hao wanaangukia mstari mmoja, upande wa pili ukibaki mweupe. Tuliposhtuka, tuliwaambia akina mama wenye watoto wachanga wafike mapema kabla mstari haujajaa, na tukaweka wakala mwenye subira zaidi upande wa N. Kwenye daftari weka alama ya nyota kwa kila jina la upande huo.

Kosa la pili lilikuwa namba ya kitambulisho. NIN ina herufi na tarakimu 14, ya mwanamume ikianza na CM na ya mwanamke CF. Ndani yake sufuri na herufi O hufanana kama mapacha, na moja na I vilevile. Jirani yangu alitafutwa kwenye mfumo mara tatu akaambiwa hayupo, akarudi nyumbani akilia kwamba wamemfuta. Kosa lilikuwa la mwandiko wangu: niliweka O mahali pa sufuri. Kwa hiyo siku hizi siandiki NIN za watu kabisa. Kila mtu aje na kitambulisho chake, aisome mwenyewe, afisa aiandike. Na ninakusihi, usikusanye vitambulisho vya watu, hata kwa saa moja, hata mgombea akikwambia vinahitajika kwa ajili ya msaada. Mwenye kitambulisho chako ana kura yako.

Alama nilizobaki nazo ni nne. Mstari mmoja: ana kitambulisho. Miwili: yuko kwenye rejista, nimeona jina lake kwa macho yangu. Duara: yuko kwenye rejista lakini kituo kingine, anatakiwa kuhama. Msalaba: amefariki. Wa duara wapeleke kwenye muluka (eneo la vijiji kadhaa) wakati wa kuhuisha rejista, wewe mwenyewe ukiwa nao, kwa sababu akienda peke yake na kukuta foleni atarudi kuchoma mahindi yake. Wa msalaba wasemwe wakati rejista imebandikwa, na malalamiko hayo husikilizwa na baraza la muluka. Nenda na mtu wa familia ya marehemu. Ukienda peke yako na orodha ya wafu, watu watasema unafuta majina ya wapinzani, na hawatakuwa na ubaya kwa kufikiri hivyo.

Siku ya kubandikwa rejista usiende kuangalia jina lako tu. Nenda na daftari, rula na kalamu mbili za rangi tofauti. Weka rula chini ya jina kwenye karatasi ya Tume, tafuta kwenye daftari lako, weka alama, sogeza rula. Kijiji chetu kilinichukua siku mbili. Nilikuta watu 17 niliodhani wako, hawapo, na muda wa kulalamika ulikuwa bado. Ukiwa na siku chache, anza na vijana waliopata vitambulisho karibuni na wanawake walioolewa kutoka vijiji vingine. Mara nyingi majina ya hao ndiyo yanayokuwa yamebaki walikotoka.

Hatua ya 5: Vikao na mchujo

Hudhuria kila kikao cha tawi, ukae mbele, uombe kuandika kumbukumbu. Wanaume wengi hawataki kazi ya kalamu, na anayeandika ndiye anayejua nani aliahidi nini. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye ukatibu bila kugombana na mtu.

Mchujo wa chama unaumiza kuliko uchaguzi wenyewe, maana mnagombana ndugu kwa ndugu. Vyama vingine hupanga mstari nyuma ya mgombea au wakala wake, kama NRM, chama tawala, walivyofanya 17 Julai 2025 kwa viti vya ubunge. Kwenye mstari kila mtu anakuona, na shemeji yako na mwenye duka anayekukopesha sukari wakiwemo. Mimi sipendi mstari, napenda karatasi ya siri, na nimesema hivyo vikaoni mbele ya wakubwa. Lakini kama ndio utaratibu, waambie wazee wako mapema utasimama wapi, wasikuone hapo kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 6: Kampeni

Mikutano ni saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa ratiba iliyokubaliwa na Tume. Msichana asirudi peke yake na boda boda usiku kutoka mkutanoni. Pangeni nani anarudi na nani.

Pesa ya usafiri na chakula, ile tunayoiita fasilitesheni, iandike: imetoka kwa nani, kiasi gani, nani kapokea, sahihi yake. Sabuni, chumvi na sukari za kugawa nyumba kwa nyumba zikatae. Kumpa mpiga kura kitu ili akupe kura ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo, mlango ulioufungua kwa sabuni hautafunguka tena kwa maneno.

Hatua ya 7: Omba uwakala

Ukishafanya ya juu, hii utapewa bila kuomba sana. Hakikisha jina lako limeandikwa sawa kwenye barua ya uteuzi. Kula kabla hujatoka. Usivae rangi ya chama kituoni. Upigaji kura ni saa moja asubuhi hadi saa kumi alasiri, na aliyekwisha kuwa mstarini saa kumi ikigonga anapiga.

Kura zikishahesabiwa, msimamizi hujaza fomu ya matokeo, ile tunayoiita DR. Isome yote kabla ya kutia sahihi. Usitie sahihi fomu tupu, hata uambiwe mnachelewesha gari. Jumlisha mwenyewe: kura za kila mgombea na zilizoharibika. Dai nakala yako, ni haki yako, kisha nakili namba zote kwenye daftari kabla hujasogea hatua moja, maana karatasi hulowana na hunyang'anywa.

Tarehe 15 Januari 2026 binti wa kaka yangu alikuwa wakala upande wa N hadi Z. Intaneti ilikuwa imezimwa tangu jioni ya tarehe 13. Mashine za kuhakiki alama za vidole ziligoma kwenye vituo vingi nchini na kura zikachelewa kuanza, hadi Tume ikaruhusu rejista ya karatasi itumike. Kituoni kwake watu walianza kunung'unika na wengine kurudi nyumbani. Alifungua daftari, akasoma nyota zake, akawapigia simu waliobaki nyumbani mmoja mmoja kuwaambia kituo kimefunguliwa. Usiku alifika kwangu kwa miguu, viatu mkononi, nakala ya fomu ikiwa imekunjwa ndani ya daftari. Tulikaa chini ya taa tukalinganisha namba zake na zangu, mstari kwa mstari, na zote zilikuwa sawa.