Kiazi chenye kinga ya virusi bado kinahitaji mbegu safi

Mkulima anayerudia mbegu yake ya viazi mviringo misimu mitatu au minne huona mavuno yakipungua, akalaumu udongo. Mara nyingi udongo hauna kosa. Kiazi hupandwa kwa kiazi, kwa hiyo kirusi kilichoingia kwenye mmea msimu huu hujificha ndani ya kiazi na kurudi shambani msimu ujao. Mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya.

Virusi viwili vinavyotia hasara kubwa ni kile cha kukunja majani na kile kiitwacho Y. Vyote huenezwa na vidukari, ila kwa njia tofauti. Kirusi cha kukunja majani humtaka mdudu anyonye kwa muda mrefu, kisha kizunguke mwilini mwake kabla ya kuambukiza, hivyo dawa ya wadudu ikipigwa mapema huweza kukiwahi. Kirusi Y hubebwa kwenye ncha ya mdomo. Kidukari akionja jani kwa sekunde chache tu ameshakibeba, akionja jani la jirani ameshakiacha. Dawa itamuua baadaye, kazi yake ikiwa imekwisha. Ndiyo maana watafiti walitafuta kinga iliyo ndani ya mmea wenyewe.

Mwaka 1986 Roger Beachy na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba tumbaku iliyopachikwa jeni ya ganda la kirusi inakihimili kirusi hicho. Kwenye viazi wazo ni lilelile: kipande cha vinasaba vya kirusi huingizwa katika mmea, mara nyingi kwa kutumia bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium. Mmea hukitambua kipande hicho, na kirusi halisi kikiingia, hukatakata ujumbe wake wa kijenetiki kabla hakijazaana. Faida nyingine ni kwamba aina ya kiazi inabaki ileile. Kiazi kina seti nne za kromosomu, na ukikichavusha na kingine unapata watoto wasiofanana na mzazi, kwa ladha wala kwa umbo.

Kinga hii ina mpaka, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Mmea hukata kile tu kinachofanana na kipande ulichopewa. Kiazi kilichokingwa dhidi ya kirusi Y kitaugua kirusi cha kukunja majani kama kawaida, na mnyauko wa bakteria au baka jani chelewa havina habari na jeni hiyo. Kabla ya kununua mbegu ya namna hii, uliza kinga ni ya kirusi kipi hasa.

Muulize na mnunuzi wako kama atavipokea viazi hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Monsanto iliuza Marekani viazi vya NewLeaf Plus na NewLeaf Y, cha kwanza kikiwa na kinga ya kirusi cha kukunja majani na cha pili ya kirusi Y, na vyote pia dhidi ya mbawakavu wa Colorado, mdudu anayekula majani ya viazi. Wasindikaji wakubwa wa chipsi walivikataa, na mwaka 2001 vikaondolewa sokoni. Argentina iliidhinisha kiazi chake chenye kinga ya kirusi Y mwaka 2018. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo usipande mbegu ya kupenyezwa isiyo na kibali.

Uwe na mbegu hiyo au usiwe nayo, kazi ya shamba ni ileile. Anza na mbegu iliyothibitishwa. Pita shambani mapema, kabla majani ya mimea ya mstari mmoja hayajagusana na ya mstari wa jirani: mmea ulioota kwenye kiazi kigonjwa hukunja majani ya chini kuelekea juu, nayo huwa magumu na hukwaruza ukiyafinya mkononi. Wa kirusi Y huwa na mabaka ya kijani hafifu na majani yaliyosinyaa. Ng'oa mmea wote pamoja na viazi vyake, uutoe nje. Maotea ya msimu uliopita usiyahurumie, kwani ndiyo ghala la virusi. Mimea yenye afya, utakayotoa mbegu kwayo, iwekee vijiti vya alama ikiwa bado mibichi, maana majani yakishakauka hutaweza kutofautisha. Sehemu ya shamba uliyoitenga kwa mbegu ikate majani mapema, viazi vikishafikia ukubwa unaotaka, kabla kirusi kilichoingia kwa kuchelewa hakijateremka hadi kwenye kiazi.